Gari linamisi: tafuta kwanza silinda yenye shida, spea zinunuliwe baadaye

UmemeWaGari

Wakuu salaam.

Nyuzi nyingi za magari humu zinakwenda hivi: gari linatetemeka, fundi akasema koili (inayozalisha umeme wa cheche), nikanunua koili, bado. Akasema plagi (inayorusha cheche), nikanunua zote nne, bado. Sasa anasema nozeli (inayomwaga petroli). Hela imekwisha na gari liko palepale. Inaniuma, kwa sababu kumisi, yaani silinda kushindwa kuwaka inavyotakiwa, ni hitilafu ambayo injini yenyewe inakuonyesha ilipo, mradi uipime kwa utaratibu.

Nitatumia injini ya 1NZ-FE kama mfano kwa kuwa ndiyo iliyojaa barabarani kwetu: IST, Raum, Probox, Vitz za 1.5, Spacio na Premio za 1.5. Ina cc 1,497, silinda nne, na kila plagi imekaliwa na koili yake. Silinda ya 1 ni ile ya upande wa mikanda, halafu unahesabu kuelekea gia boksi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Mwenye injini nyingine asikate tamaa, njia ni ileile, vipimo tu ndivyo vinabadilika.

Silinda ili iwake inataka mambo matatu: hewa na mafuta kwa kiasi chake, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo, yaani mchanganyiko huo kubanwa vizuri. Likikosekana moja, silinda hiyo inabebwa na wenzake. Injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, tuseme mzunguko 700 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka mara 350 katika dakika hiyo. Moja isipowaka, krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapunguza mwendo kidogo kila zamu yake inapofika. Kuna sensa inayosoma meno ya gurudumu la krankishafti, kompyuta inaona pale mwendo unapolegea, inajua ni zamu ya nani. Ndiyo maana mashine ya kupimia inaweza kukupa P0301, P0302, P0303 au P0304, tarakimu ya mwisho ikiwa namba ya silinda. P0300 maana yake kumisi kunahama, hakuna silinda moja ya kunyooshewa kidole.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. P0302 haisemi koili ya 2 ni mbovu. Inasema silinda ya 2 haiwaki vizuri. Sababu bado hujaijua.

Na tafadhali: taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo huku gari linatetemeka, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalitiki ya ekzosi (kisafishio cha moshi), inaiyeyusha ndani, na mabaki yake yanaziba njia ya moshi. Petroli hiyohiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Tatizo la plagi moja linaweza kuzaa tatizo la injini nzima.

Huna mashine? Washa injini, iache ingurume, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Silinda nzima ukiichomolea, injini inaporomoka na kutetemeka zaidi. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo yenye shida. Mafundi wengi wanachomoa koili badala ya nozeli. Mimi sipendi hivyo. Ukichomoa koili, petroli inaweza kuendelea kumwagwa ndani bila kuungua. Na koili ikiinuliwa huku bado imeunganishwa, umeme wa maelfu ya volti unatafuta pa kupita, unaweza kuua koili nzima au kukupiga wewe.

Ukishaijua silinda, anza kuhamisha. Zima injini. Koili ya silinda ya 2 ipeleke ya 4, ya 4 ilete ya 2. Futa namba za hitilafu, endesha kidogo, soma tena. Ikija P0304, koili ni mbovu, kanunue MOJA. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Ikibaki tena, hamisha nozeli, ingawa hiyo inahitaji kushusha presha ya mafuta kwanza na oringi mpya. Kitu ambacho hitilafu inakifuata ndicho kibovu. Hitilafu ikigoma kuhama na chochote, imebaki kwenye vitu visivyohamishika: nyaya, kompyuta, au mgandamizo.

Nitoe mfano wa IST iliyoletwa kwangu. Ilikuwa imeshabadilishiwa koili ya silinda ya 3 zaidi ya mara moja, plagi mpya, na mwenyewe alikuwa ameambiwa atafute injini ya mtumba. P0303 haikuhama na koili, haikuhama na plagi. Nikapima soketi ya koili kwa mita: ina pini nne, moja ya moto, moja ya ethi, moja ya amri kutoka kompyuta, na moja ya kujibu kwamba cheche imepigwa. Moto upo, ethi ipo. Nikatikisa waya wa amri kwa kidole injini ikiwa inawaka, silinda ikaamka, nikauachia ikalala tena. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, sentimita chache kutoka kwenye soketi. Kwa nje ulionekana mzima kabisa. Kile kishikizo cha plastiki cha soketi kilivunjika zamani, mtu akaifunga kwa waya, na kila koili ilipotolewa waya ule ukakunjwa palepale. Kipande cha waya, risasi ya kulehemu, soketi mpya. Kazi ikaisha.

Ukitoa plagi, isome kabla ya kuitupa. Rangi ya kahawia iliyopauka ni njema. Nyeusi kavu kama masizi, petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeusi yenye utelezi, oili inaingia ndani. Nyeupe safi kupita zenzake, kama imeoshwa, angalia maji ya rejeta. Yenye unyevu wa petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki. Mwanya wa 1NZ-FE kwa plagi za iridiamu ni milimita 1.1. Usiulazimishe kwa bisibisi, ncha ile ni nyembamba na inavunjika. Na mwe makini na plagi feki. Ukiona iridiamu inauzwa bei ya plagi ya kawaida, hiyo si iridiamu.

Tumulike tochi pia kwenye shimo la plagi. Likiwa na oili, raba za chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zimechoka. Kubadilisha koili bila kubadilisha raba hizo ni kuiandaa koili mpya iharibike, maana oili inalainisha ule mpira wake na cheche inatorokea pembeni.

Maswali karibuni.

---

Nyota_ya_Mbagala

Asante sana mkuu. Yangu ni Raum, ilikuwa nzima kabisa. Nimeipeleka kuoshwa, kijana akaosha na injini kwa presha. Kuwasha, inatetemeka vibaya. Niache ikauke yenyewe?

UmemeWaGari

Usiisubiri, mkuu, na usiiendeshe ikiwa hivyo. Maji yamekaa kwenye mashimo ya plagi na hayana pa kutokea. Toa koili zote nne, puliza mashimo kwa upepo wa kompresa KABLA ya kulegeza plagi, la sivyo maji na mchanga vinaingia ndani ya silinda. Futa mipira ya koili kwa kitambaa kikavu. Uangalie vizuri mwili wa mpira: ukiona mstari mwembamba mweupe au mweusi ulioteremka kwa urefu, cheche ilishajitengenezea njia pale, na hiyo koili itakusumbua tena hata ikikauka. Wale waliopita kwenye maji ya Jangwani mvua za masika zikizidi, maelezo ni haya haya.

Nyota_ya_Mbagala

Nimefanya. La 1 na la 2 yalikuwa na maji, la 2 lilikuwa limejaa. Mistari hakuna. Imetulia kabisa. Mungu akubariki.

---

MzeeWaLikoni

Salaam kutoka Mombasa. Uzi una faida. Niwaongezee sie wenye magari ya zamani. Mimi nina Corolla 110 yenye 5A-FE, haina koili nne, ina distributa (inayogawa umeme wa cheche kwa kila silinda) na nyaya za plagi. Hapa kwetu pwani, asubuhi kuna unyevu mwingi na chumvi hewani. Gari likiwa linamisi asubuhi na jua likitoka linapona, fungua kofia ya distributa. Utakuta vile vishaba vya ndani vimeota ukungu wa kijani, au kuna ufa mwembamba. Na usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inawaka, nyunyiza maji kidogo tu kwa chupa ya kunyunyizia kwenye nyaya. Waya uliochoka utauona unatoa vimwale vya buluu ukitafuta bati. Makanika wangu hakuwa na mashine yoyote na aliipata hivyo.

UmemeWaGari

Shikamoo mzee. Hilo ni la kweli kabisa, nashukuru. Niongeze tu: waya mmoja ukichoka, mara nyingi wenzake wana umri uleule, kwa hiyo hapo kubadilisha seti nzima kuna maana. Koili za juu ya plagi ni habari nyingine, hizo nabadilisha iliyothibitika tu. Na mikono ikae mbali na nyaya wakati wa kunyunyiza.

MzeeWaLikoni

Marahaba. Sawa kabisa.

---

DadaWaPremio

Habari kaka. Mimi mashine imetoa P0300 na P0171 pamoja. Fundi amesema ni mafuta machafu, nimwage tangi lote. Gari inatetemeka ikiwa imesimama tu, nikikanyaga mafuta inakuwa nzuri.

UmemeWaGari

Dada, usimwage kwanza. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Kumisi kunakohama pamoja na hiyo maana yake silinda zote zina njaa. Na kwa vile unasema ukikanyaga mafuta inapona, mimi nashuku hewa inayoingia kwa njia ya wizi: mpira mkubwa wa hewa uliopasuka baada ya sensa ya hewa, vimpira vidogo vya vakyumu, au gasket ya manifoldi ya kuingizia hewa. Throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) ikiwa imefungwa, hata ufa mdogo unaleta hewa nyingi ukilinganisha na inayopita njia halali. Ikifunguka, ufa uleule hauna uzito. Kinyume chake, kama ingekuwa pampu ya mafuta dhaifu, gari lingekuwa baya zaidi ukikanyaga na kwenye mlima. Presha ya mafuta kwenye 1NZ-FE inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani kama psi 44 hadi 50.

Mwambie fundi apulizie moshi kwenye mfumo wa hewa aone unatokea wapi. Asiye na mashine ya moshi anyunyize maji ya sabuni kwenye viungo injini ikinguruma, mlio ukibadilika ndipo hapo. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini inashika moto karibu na ekzosi ya moto, mimi siishauri.

Msafiri_Moro

Lakini mafuta machafu yapo mkuu, tusijidanganye.

UmemeWaGari

Yapo, mkuu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo huo, petroli kuchanganywa na mafuta ya taa. Na vinasaba havizuii maji yaliyoingia kwenye tangi la kituo. Ninachosema ni kwamba petroli ya tangi moja inakwenda silinda zote nne. Mafuta mabaya hayaichagui silinda ya 3 peke yake. Gari likianza kusumbua muda mfupi baada ya kujaza, na silinda zote zinalegea, hapo shuku mafuta, chukua sampuli kwenye chupa ya kioo uone kama kuna maji yamekaa chini, na tunza risiti. Vinginevyo tangi liache.

DadaWaPremio

Imepatikana kaka. Ule mpira mkubwa wa hewa, chini kwenye mikunjo, umepasuka upande usioonekana. Ukiukunja ndiyo ufa unafunguka. Asante, ningemwaga mafuta yangu bure.

---

Gesi_Tabata

Mkuu naomba msaada. IST yangu ina mfumo wa gesi asilia. Kwenye petroli iko shwari, ikihamia gesi inamisi hasa nikikanyaga ghafla. Waliofunga gesi wanasema tatizo ni injini, fundi wa injini anasema tatizo ni gesi.

UmemeWaGari

Wote wawili wanaweza kuwa na hoja. Gesi ni ngumu kuiwasha kuliko petroli, inataka cheche yenye nguvu zaidi kuruka mwanya. Koili iliyochoka kidogo au plagi iliyolika kidogo inaweza kutosha kwa petroli na isitoshe kwa gesi. Unapokanyaga ghafla mgandamizo unapanda, cheche inapata kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo anza na plagi. Kwa magari ya gesi wengi huweka mwanya mdogo, kama milimita 0.8, badala ya 1.1, na plagi hubadilishwa mapema kuliko za petroli peke yake. Nunua zinazokuja na mwanya huo kutoka kiwandani kama unazipata. Kisha filta ya gesi. Ukimaliza hayo, rudi kwa waliofunga mfumo wapime upya kiasi cha gesi.

Gesi_Tabata

Plagi nimebadilisha, mwanya 0.8. Kukanyaga ghafla kumepona. Lakini sasa naona kitu kingine, au labda kilikuwepo: injini ikipata moto kabisa, kwenye foleni, inatetemeka hata kwenye petroli. Asubuhi ikiwa baridi hakuna shida. Mashine inasoma P0303. Nimehamisha koili, plagi na nozeli kama ulivyoandika, inabaki 3.

UmemeWaGari

Pima mgandamizo, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, soketi za koili na nozeli zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho wakati wa kupiga stata, betri ikiwa na nguvu. Andika silinda zote nne. 1NZ-FE nzima inatoa kama psi 213, kiwango cha chini kabisa ni 156, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Halafu kwenye iliyo chini mimina kijiko kidogo cha oili kupitia shimo la plagi, upime tena.

Gesi_Tabata

Ya 1: 180. Ya 2: 175. Ya 3: 95. Ya 4: 180. Baada ya oili ya 3 imefika 100. Fundi anasema gasket ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) imeungua, tufungue kesho.

UmemeWaGari

Kaka, msifungue hedi bado. Oili ingepandisha sana kama ringi za pistoni ndizo zinazovuja. Haikupandisha. Gasket ikiungua kati ya silinda mbili, mara nyingi jirani naye anashuka, na hapa ya 2 na ya 4 ziko juu. Maji ya rejeta yanapungua?

Gesi_Tabata

Hayapungui. Moshi mweupe hakuna.

UmemeWaGari

Basi nashuku valvu (mlango wa hewa au moshi wa silinda) haifungi, na kwa gari la gesi najua pa kuangalia kwanza. Gesi ni kavu, viti vya valvu za kutolea moshi vinalika pole pole. Kiti kikilika, valvu inapanda juu ndani ya hedi, na ule mwanya kati ya kamshafti (mhimili unaosukuma valvu) na tapeti (kikombe cha chuma juu ya valvu) unapungua. 1NZ-FE haina tapeti za kujirekebisha kwa oili. Injini ikiwa baridi mwanya kidogo bado upo, valvu inafunga, gari zima. Ikipata moto chuma kinatanuka, mwanya unakwisha, kamshafti inaishikilia valvu wazi kidogo, mgandamizo unatoroka kwenye ekzosi. Hiyo ndiyo asubuhi yako nzuri na foleni yako mbaya.

Kesho asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungueni tapeti kava, mpime mwanya wa valvu zote 16 kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Za kuingizia hewa ziwe milimita 0.15 hadi 0.25. Za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35. Kazi ya asubuhi moja, na hedi haiguswi.

Gesi_Tabata

Mkuu umenisaidia sana. Za hewa zote ziko 0.17 mpaka 0.20. Za moshi: silinda ya 3 moja ina 0.08, nyingine 0.19. Silinda ya 1, 2 na 4 ziko 0.20 mpaka 0.26. Fundi amekubali. Anauliza abadilishe ile ya 0.08 peke yake?

UmemeWaGari

Hapana, za moshi zote zilizo chini ya 0.25, maana zinaelekea kulekule na kamshafti mtakuwa mmeshaitoa. Kabla ya kuitoa, wekeni alama za cheni na gia yake, na muifunge cheni kwa waya isidondokee chini.

Pimeni unene wa kila tapeti kwa maikromita. Hesabu ni hii: unene wa zamani, jumlisha mwanya mliopima, toa 0.30. Ile ya 0.08, tuseme unene wake ni 5.40: 5.40 jumlisha 0.08 ni 5.48, toa 0.30, mnahitaji 5.18. Tapeti zinapishana kwa 0.02, kwa hiyo mtapata ya karibu. Mkitafuta za mtumba, pimeni wenyewe, msiamini namba iliyofutika. Mkishafunga, zungusheni injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kupiga stata, na mgandamizo upimwe tena. Ukibaki chini, valvu imeungua ukingoni, na hapo ndipo hedi ifunguliwe kwa haki.

Gesi_Tabata

Imefungwa. Ya 3 imetoka 95 mpaka 170, nyingine 175 mpaka 180. Nimekaa foleni ya Ubungo jua kali, petroli na gesi, imetulia.

UmemeWaGari

Safi sana kaka, na mpe fundi pongezi kwa kukubali kupima kabla ya kufungua. Andikeni vipimo vipya vya valvu zote 16 kwenye karatasi pamoja na kilomita za leo, kikae kwenye gari. Ukibadilisha plagi mara ijayo, fungua tapeti kava mpime za moshi tena, ujue viti vinalika kwa kasi gani.